Maoni Yangu Juu ya Gemu Jipya la Mpira

Naanza na lile linalonitia aibu, nisije nikaonekana nimelificha: mimi ni mtu wa kigugumizi. Ninacho tangu nilipoanza kusema. Ndicho kilichonitoa shule nikiwa kidato cha pili, kwa sababu mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na desturi ya kutusomesha kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, na zamu yangu ikifika, kipindi kinaishia kwangu. Simlaumu mwalimu. Darasa lilikuwa na watoto wengi na kengele haimsubiri mtu. Pengine ningevumilia ningezoea. Sijui.

Pamoja na hayo, kwa miaka minne nilikuwa mtangazaji wa mpira. Siyo mpira wa uwanjani, ingawa uwanja uko karibu kiasi kwamba siku za mechi kelele zake tunazisikia ukutani. Nilitangaza mpira wa gemu, katika chumba kimoja cha kupanga huku Kaloleni, chini ya Mlima Meru, chenye televisheni mbili, mashine mbili za kuchezea na mabenchi manne. Mwenye chumba ni mama wa Kimeru aliyeshuka mjini zamani, lakini Jumapili lazima apande mlimani kusali kwenye usharika wa kwao. Sauti ya gemu tulikuwa tunaizima, maana watangazaji wake wanasema Kiingereza, na wateja wetu wengi ni watu wa bodaboda, wapiga debe na mafundi, ambao Kiingereza kwao ni kama mvua inayonyesha kwa jirani. Mimi nilikaa kwenye stuli katikati ya televisheni, nimeshika maiki, naitangaza ile mechi iliyokusanya watu zaidi.

Msomaji atauliza, kigugumizi na maiki wapi na wapi. Jibu lake ni ile spika.

Ilikuwa spika kuukuu, mama aliinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga baa, na ilikuwa na kasoro. Ukisema neno linatoka mara mbili: kwanza kinywani mwako, halafu kwenye spika, limechelewa kidogo tu, kama mtu anayekufuata hatua moja nyuma. Watu wengine ule mwangwi uliwachanganya, wakishika maiki wanaacha kusema katikati na kuanza kucheka. Mimi wakati huo nilikuwa mgawa pedi za kuchezea na mwangalia saa. Siku moja kelele zilizidi, nikachukua maiki kumwambia kijana mmoja kwamba muda wake umekwisha. Sentensi nzima ilitoka. Nilishtuka nikaizima spika. Nikaiwasha, nikamwambia tena, ikatoka tena. Yule kijana akasema, "Nimesikia, kaka, natoka, usinifukuze mara mbili."

Sielewi kwa nini ilikuwa hivyo. Nahisi lile neno lililonifuata nyuma lilikuwa linanisukuma lile la mbele. Nimejaribu spika nyingine, ya ukumbi wa harusi, ya kanisani, ya rafiki. Zote safi, na zote nilikwama. Ilikuwa ni ile tu.

Nilitangaza kwa kuutumia mji wetu. Winga wa kushoto nilimpitisha Sanawari, wa kulia Kijenge. Katikati ya uwanja ni Mnara wa Saa, na mpira ukiingia eneo la hatari nilisema umevuka Daraja Mbili. Kipa akitoka golini ovyo nilisema, "Kipa kapanda Engutoto, nyumba kaiacha wazi." Watu walipenda. Kuna waliokuja wasicheze, wakae tu benchi la nyuma wasikilize. Na lililo kubwa kwangu ni kwamba nikishatangaza mchana kutwa, ulimi ulibaki umelegea hata jioni. Niliweza kuagiza chakula. Niliweza kumpigia baba simu, huko nyumbani magharibi ya mlima, tukazungumza habari za ng'ombe mpaka akaamini kwamba nimepona. Sikumwambia habari ya spika. Nilimwachia furaha yake.

Basi mwezi wa saba, katika ile baridi ya mawingu ambapo Mlima Meru unajificha wiki nzima, akaingia dereva mmoja wa bodaboda ambaye kijiwe chake kinatazamana na mlango wetu. Huyu ni mteja wetu wa kila siku, na kwa haki niseme ni rafiki yangu, ingawa ulimi wake hauna breki.

"Zimeni hivyo vitu," akasema. "Gemu jipya la mpira limetangazwa. Njooni mwone wenzenu wanavyoishi."

"Wewe kila wiki una gemu jipya," mama akamwambia. "La wiki iliyopita lilikuwa la kulima mahindi. Mahindi ya nyumbani yenyewe hulimi."

"Hili ni mpira, mama. Hili likifika, hizi mashine zako utafugia kuku."

Akaunganisha simu yake kwa waya kwenye televisheni kubwa, tukaona ile trela, kile kipande cha kuonjesha. Kilikuwa kifupi, dakika mbili na ushei. Nitaandika nilivyokiona mara ya kwanza, bila kuongeza.

Cha kwanza ni maji. Mvua inanyesha uwanjani, na mpira ukifika kwenye dimbwi unakufa, unakwama pale pale, mchezaji anaupita kwa kasi yake halafu anarudi kuutafuta. Kwenye gemu letu mvua ni mapambo, mpira unateleza juu yake kama sakafu ya benki. Cha pili ni watu wa jukwaani. Kila mmoja ana sura yake, na mmoja alikuwa amegeukia nyuma anaongea na mwenzake huku goli linafungwa, kama ilivyo kweli. Cha tatu, mchezaji amekosa penalti akajifunika uso kwa fulana, na tumbo lake likaonekana linapanda na kushuka. Chumba kizima tuliguna.

"Tazama jasho," mmoja akasema. "Kama wamelishwa pilipili."

Nilichotilia shaka ni hiki. Hakuna aliyembishia mwamuzi. Viatu vilikuwa vipya vyote. Na uwanja wa vumbi sikuuona hata mmoja, kama vile duniani kote kuna nyasi. Lakini trela ni trela, huwezi kuihukumu nyumba kwa kuona mlango. Huenda ndani vumbi limo.

Halafu sauti ikaanza, na ilikuwa ya Kiswahili.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu wa pwani kwa jinsi alivyoyalaza maneno. "Anakwenda, anakwenda, mwacheni aende, mwenye macho haambiwi tazama." Haikupumua popote. Ilipanda na mpira, ikashuka na mpira, na goli lilipoingia ilinyamaza kidogo kwanza, ikatuacha tulione wenyewe, ndipo ikapasuka. Mimi sijawahi kunyamaza kabla ya goli. Naogopa kunyamaza, maana najua ninyamazapo ninaweza nisirudi.

Trela ikaisha. Nikaona watu wananitazama kwa kuibia, kama wanavyomtazama mfiwa.

"Mtangazaji," yule wa bodaboda akasema, "kibarua kimeota nyasi."

"Tena nyasi zenyewe umeziona zilivyo nzuri," akadakia mwingine.

Wakacheka, na mimi nikachukua maiki. "Ndugu watazamaji, mtangazaji wenu anaomba kubadilishwa. Ameumia roho." Wakacheka zaidi. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anaiangalia televisheni iliyozimwa.

Wiki ile niliomba nirushiwe ile trela kwenye simu yangu. Niliitazama mara nyingi sana, sikuhesabu. Nilitafuta kosa kwenye ile sauti kama mtu anavyotafuta kokoto kwenye mchele. Sikulipata. Kuna sehemu moja nilidhani amekosea jina la mguu, amesema wa kushoto kumbe wa kulia, nikafurahi, kisha nikarudia nikaona ni mimi niliyekosea.

Siku chache baadaye, asubuhi kabla hatujafungua, nilikuwa nafagia. Mama aliketi kwenye benchi, akaweka mkoba mapajani.

"Mwanangu, nataka kukuuliza jambo, na nataka unijibu kwa haki. Wewe ndiye unayejua kutangaza, mimi sijui. Ile sauti ya gemu jipya, inakuzidi au haikuzidi?"

Ningeweza kutikisa kichwa tu. Ningeweza kusema hata sijui, ambalo ni neno langu la kila siku. Lakini aliniuliza kwa heshima, na mimi nina ugonjwa mwingine zaidi ya kigugumizi: nikiulizwa jambo kwa haki, siwezi kulipunja. Nikaona pia kwamba jibu lenyewe ni refu, ulimi hautalibeba. Nikaenda nikawasha spika.

"Inanizidi, mama," nikasema kwenye maiki, na spika ikarudia inanizidi. "Mimi nawachekesha watu kwa mitaa yao, hilo yeye hana. Lakini pumzi anayo, maneno anayo, na anajua kunyamaza. Mgeni asiyenijua mimi wala yeye, akiwasikia wote wawili, atamchagua yeye."

Ilitoka yote bila kukwama hata herufi moja. Nakumbuka nilijisikia vizuri, kama mtu aliyelipa nauli yake bila kudaiwa.

"Ahsante," mama akasema. "Nimekuelewa."

Kesho yake nilikuta spika haipo. Mama alinieleza bila kuficha. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia kwenye usharika wao. Siku ile kila Mkristo hupeleka sadaka iliyotoka kwenye kazi ya mikono yake: mwenye kahawa kahawa, mwenye ndizi mkungu, mwenye kuku kuku. Yeye shamba amewaachia kaka zake, kazi yake ni gemu. Miaka yote alikuwa ananunua ndizi sokoni na kuzipeleka kama zake, na moyo ulikuwa unamsuta. Mwaka huu alitaka kupeleka kitu cha kazi yake kweli. Spika ilikuwa imemfanyia kazi miaka minne. Na kwa kuwa gemu jipya lina sauti yake, na mimi mwenyewe nimesema sauti hiyo inanizidi, aliona haina haja ya kukaa.

"Na koo lako utalipumzisha," akasema. "Nimekuona unavyokohoa. Kazi yako ipo vile vile, utagawa pedi na kuangalia saa. Gemu hilo likichelewa, watu watazoea Kiingereza."

Nilitaka kumweleza spika ile ni nini kwangu. Nilifungua kinywa. Yeye alingoja, hana haraka yule mama, lakini hakuna kilichotoka, nikainama nikaanza kupanga pedi. Akadhani nimekubali. Mtu yeyote angedhani hivyo.

Zile siku zilizofuata sitaki kuziandika, lakini nikiziruka nitakuwa nimedanganya. Kigugumizi kilirudi, tena hakikurudi kama kilivyoondoka. Kilirudi kama mwenye nyumba aliyekuta mpangaji kabadilisha kitasa. Nilikwenda dukani kutaka kiberiti, nikakwama kwenye herufi ya kwanza mpaka nikaona bora nionyeshe kidole, na kilichokuwa mbele ya kidole kilikuwa sabuni. Nilirudi na sabuni. Kwenye chumba cha gemu sauti ya Kiingereza ilifunguliwa kidogo, na watangazaji wale nao, niseme ukweli, wanasema vizuri ingawa siwaelewi. Wasikilizaji wa benchi la nyuma walikuja siku mbili, ya tatu hawakuja. Baba alipiga simu. Nilimsikia anasema, "Haloo, haloo," nami nasukuma jina lake huku shingo imekakamaa, halafu nikamsikia anamwambia mtu pembeni yake kwamba mtandao wa mjini siku hizi ni mbovu. Akakata.

Nilijaribu kusemea ndani ya ndoo. Chumba changu kiko Daraja Mbili, kuta ni nyembamba, kwa hiyo nilivaa ndoo kichwani na blanketi juu yake. Ndoo inarudisha sauti, lakini inairudisha papo hapo, haichelewi. Nilijaribu chooni, nikajaribu chini ya daraja. Jirani yangu akaniuliza kama niko sawa. Nikainamisha kichwa kwamba ndiyo.

Jumamosi, siku moja kabla ya mavuno, mvua ilinyesha asubuhi na wateja wakachelewa. Nikavaa spika za masikioni nikaiweka ile trela tena, sijui kwa nini, labda mtu hurudi kumtazama aliyempiga. Mvua ilinifanya niongeze sauti mpaka mwisho. Na pale, kabla ya goli, pale ambapo yule bwana hunyamaza na mimi nikamsifu kwa kujua kunyamaza, nikasikia kitu chini yake. Sauti nyingine, ya mbali, kama mtu aliyefungiwa kabatini. Nikarudia. Ilikuwa ya Kiingereza.

Nikaelewa, nikaona giza.

Watu wa huku tumekulia kwenye vibanda vya video ambako kila filamu, iwe ya Kikorea au ya Kihindi, ina DJ aliyekaa mahali na maiki yake anaitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe. Tumezoea mpaka hatumsikii tena kwamba ni mtu wa pembeni. Mkorea akifungua kinywa na Kiswahili kikatoka, kwetu sisi ndivyo Wakorea wanavyosema. Trela ile alikuwa ameitia sauti DJ, ikasambazwa, na mahali fulani njiani mtu akakikata kile kipande cha mwisho ambapo maDJ hujitaja. Gemu lenyewe halikuwa na Kiswahili. Lilikuwa na watangazaji wake wa Kiingereza, ambao tungewazima kama tulivyowazima wa zamani. Watu zaidi ya ishirini tulikaa mbele ya televisheni na hakuna aliyetambua, na mimi niliyejiita mtangazaji niliitazama kupita wote nisitambue. Yule DJ simjui, na simlaumu. Alifanya kazi nzuri. Alinizidi kweli, hilo silifuti.

Nilimfuata mama, nikamvisha zile spika masikioni, nikamwonyesha kwa kidole pale pa kusikiliza. Akarudia mara tatu.

"Kumbe ni DJ," akasema polepole. Akazivua. "Kumbe hata hilo la Kiswahili halipo."

Yule wa bodaboda alikuwa mlangoni anajikinga mvua. "Mimi niliitoa kwenye grupu," akasema. "Mtangazaji, naapa sikujua. Unanijua, ningejua ningewatangazia mji mzima."

Nikamwonyesha mama pale stuli ilipokuwa, pale spika ilipokuwa. Nikaweka mkono kooni, nikautoa, nikafungua kiganja kitupu. Sijui kama nilieleza vizuri. Lakini macho yalianza kumjaa machozi.

"Kumbe ni kwa ile spika ulikuwa unaweza kusema," akasema. "Mimi nilidhani ni kwa sababu ya kuchangamka."

Spika ilikuwa imekwisha kupanda mlimani. Iliandikishwa kwa mzee wa kanisa, imewekwa kwenye stoo ya usharika pamoja na mikungu. Sadaka hairudishwi, hilo hata mimi nalijua, na isingekuwa haki kumwomba airudishe. Ila akasema baada ya ibada kuna mnada, vitu vyote vya sadaka hunadiwa nje ya kanisa na kila mtu ana ruhusa ya kununua. "Mimi siwezi kununua sadaka yangu mwenyewe, itaonekana namchezea Mungu. Wewe njoo ununue kama watu wengine. Hapo hakuna mtu atakayesema neno."

Nilichukua akiba yangu yote. Yule wa bodaboda akanipandisha Jumapili asubuhi bila nauli, akisema ni faini yake. Barabara ilikuwa tope, migomba ya pande zote mbili inachuruzika maji. Ibada ilikwisha watu wakatoka, wakasimama duara kwenye nyasi. Mama aliniona kwa mbali, alikuwa na wanawake wenzake wanagawa chai, akanipungia mkono.

Mnadishaji alikuwa mzee wa kanisa mwenye koti refu. Aliuza mikungu, akauza mayai, akauza beberu mmoja aliyekataa kusimama. Watu walitaniana sana. Kisha akainua spika.

"Hii ni ya dada yetu wa mjini. Imewatumikia vijana. Nani anaanza?"

Mtu mmoja akaanza kwa elfu kumi. Alikuwa mtu wa usharika ule ule, anauza dawa ya kunguni na panya pale soko la Kilombero, na spika yake ilikuwa imeungua. Nilikuja kuyajua hayo baadaye. Nilinyoosha mkono.

"Yule kijana pale. Kiasi gani?"

Nilitaka kusema ishirini na tano. Ndiyo iliyokuwa akiba yangu, sikutaka kupoteza muda kwa kupanda kidogo kidogo. Nikakwama kwenye ile i ya kwanza. Shingo ikakaza, jicho moja likafunga lenyewe. Nasema kwa haki kabisa, hakuna aliyenicheka pale, hata mtoto. Walinisubiri wote, watu wengi kiasi kile, na kusubiriwa ndiko kulikonimaliza.

"Ishirini?" akasema yule wa bodaboda nyuma yangu, kunisaidia.

Nikatikisa kichwa, nikimaanisha ongeza.

"Anaongeza," mzee akasema. "Bado hajafika."

"Thelathini," akasema mama mmoja aliyesimama kando yangu, kwa sauti ya upole, kama anamlisha mtoto.

Nikatikisa kichwa tena, nikimaanisha hapana, punguza. Lakini kichwa kina namna moja tu ya kutikisika.

"Si thelathini, bado anapanda," mzee akasema. "Mwenzangu wa kunguni, unasikia? Huyu ana nia."

"Thelathini na tano," akasema muuza dawa.

Nikanyoosha mikono yote miwili kuwazuia. Wakaona vidole kumi, wakavijumlisha na ile thelathini.

"Arobaini," wakasema watu watatu kwa pamoja, wakifurahi kwamba wamenipata.

"Arobaini na tano," akasema muuza dawa, sasa kwa hasira kidogo, na simlaumu, maana alikuwa anashindana na usharika mzima. Mzee akanigeukia, akainama kidogo, uso umejaa huruma. Nikashusha mikono. Akahesabu moja, akahesabu mbili, akasubiri zaidi ya inavyopaswa, akahesabu tatu.

Kalamu nilikuwa nayo mfukoni, na daftari. Ningeandika. Nililikumbuka hilo tukiwa tumeshashuka mpaka lami. Na yule wa bodaboda sikuwa nimemwambia nina kiasi gani, wala yeye hakuniuliza. Hilo ni kosa langu, maana mwenye shida ndiye wa kusema.

Kabla hatujaondoka nilimwona muuza dawa anaijaribu spika pale pale kwenye nyasi. Alisema, "Moja, mbili," ikamrudia, akakunja uso. "Ina ugonjwa," akamwambia mwenzake. "Inarudia. Nitaipeleka kwa fundi." Nilimwendea. Alikuwa mtu mstaarabu, alinisalimia, akaniomba radhi kwa kunizidi. Nilisimama mbele yake nikapambana na neno usiipeleke, sijui kwa muda gani. Alivumilia. Mwishowe mwenzake akawasha pikipiki, akanigusa bega, akaenda.

Wiki mbili zimepita. Gemu jipya bado halijatoka, wanasema bado miezi. Trela ya pili imekuja, safari hii bila DJ, na ndani yake nimeona mchezaji anambishia mwamuzi, kwa hiyo shaka yangu ile moja naifuta. Mama anazungumza nami kwa sauti ya chini kama watu wanavyozungumza na mgonjwa. Aliniletea spika ya kuazima. Ilikuwa safi.

Jana nilikwenda Kilombero. Niliisikia kabla ya kuiona: kunguni, panya, mende, sisimizi, maneno yale yale yanazunguka. Fundi ameweka sehemu ya kuchomekea, kwa hiyo muuza dawa alikwisha kujirekodi, spika inasema yenyewe na yeye amekaa kwenye kreti anakula mhogo. Alinitambua.

"Kijana wa mnadani. Karibu." Akazima ile rekodi, akachomeka maiki, akaifuta kwa shati lake, akanipa. "Jaribu. Ule ugonjwa fundi kautoa wote. Hata elfu tano haikufika."

Niliishika. Nilitaka kusema jina langu tu, ambalo ni fupi. Wateja wake wawili waliokuwa wanachagua dawa wakageuka. Nilisikia pumzi yangu kwenye spika, mara moja tu, haikurudi, halafu nikasikia ile herufi ya kwanza inagonga, inagonga, inagonga, sokoni kote, safi kabisa. Yeye alisubiri, mhogo mkononi, hakutafuna.

Nikamrudishia maiki.

"Umeionaje?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kidole gumba. Aliniuliza kwa haki, na kwa haki, ilikuwa nzuri.